Paa Lisilovuja Mtandaoni

Fundi makochi wa mtaa wetu aliitwa Sponji kwa sababu ya tabia yake ya kuingia nyumba za watu na, kabla hata ya kujibu salamu, kubonyeza viti vyao kwa ngumi. Akishabonyeza, husikiliza kidogo, kama daktari. Ndipo huuliza habari za watoto. Aliwahi kufanya hivyo msibani, akaombwa atoke nje, na alipokuwa anatoka alimnong'oneza mfiwa kwamba kiti cha karibu na mlango kimejazwa vipande vya godoro kuukuu.

Hakuwa mwongo. Hilo lisemwe mapema, maana mbele litahitajika. Sponji ikiwa nyepesi, alisema ni nyepesi. Kitambaa kama kitapauka, alimwambia mteja kitapauka, na mteja mwingine alimshukuru kwa ukweli wake kisha akaenda kununua kwa mtu mwenye matumaini zaidi.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mlangoni zilisimama fremu za mbao, mifupa mitupu ikisubiri nyama. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, na nyuma kabisa, penye dirisha, cherehani ya mkewe, Mama Pacha, ambaye mishono yake ndiyo iliyofanya kona za viti zikae kama zimepigwa pasi. Mume alijaza, mke alifunika. Wateja walikuja kwa njia ambayo Sponji hakuwahi kuichunguza, kama vile mtu asivyochunguza hewa. Wengi wao walianza na maneno yaleyale: "Nimeona kochi pale kwa mama."

Mama huyo alikuwa mama mkwe wake, mkunga mstaafu, aliyeipokea nusu ya mji kwa mikono yake mwenyewe. Waliozaliwa kwake, waliojifungua kwake, na akina baba waliozunguka uani wakijifanya hawaogopi, wote walijiona hawawezi kupita karibu na nyumba yake bila kupiga hodi. Siku za mapumziko sebule yake hujaa. Na katika sebule hiyo palikuwa na kochi refu la mahameli ya kijani, alilolitengeneza Sponji zamani alipokuwa anaposa, yaani wakati ule mwanamume anapofanya kazi bora kuliko zote atakazokuja kuzifanya. Mgeni alikaa, akazama kidogo, kochi likamrudisha juu kwa adabu, na yeye akauliza, "Nani kakutengenezea?" Mama mkwe alielekeza kidevu ukutani, kwenye picha ya harusi. "Mkwe wangu." Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa idara nzima ya masoko.

Kisha upande wa pili wa barabara likafunguliwa duka la viti vya kuagiza, lenye taa zinazowaka mchana. Wateja wakapungua. Sponji akaanza kuota karakana imefungwa na Mama Pacha ameajiriwa kushona sare za shule kwenye chumba cha watu, na yeye mwenyewe amesimama ndani ya lile duka, akiwafungulia wateja mlango.

"Nenda kwa mama mara kwa mara," mkewe alimshauri. "Kaa pale wageni wakiwepo. Watu wakikuona wanakukumbuka."

"Biashara haikuzwi kwa salamu," Sponji alisema. Sentensi hiyo hakuitunga yeye. Alikuwa ameisikia kwenye simu.

Aliyeisema kwenye simu alijulikana kama Mshauri. Mwanzoni Mshauri aliuza makava ya simu. Makava yalipokataa kununuliwa, akaanza kuwafundisha watu jinsi ya kuuza makava ya simu, na hapo nyota yake ikang'aa. Darasa lake lilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki, ambavyo Sponji alivibonyeza kwa mazoea akaumia kidole. Ukutani ilimulikwa methali: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Juu yake palikuwa na alama nyekundu ya mkasi.

"Methali hii imeua biashara nyingi kuliko moto," alisema Mshauri. "Wahenga hawakuwa na simu. Wangekuwa nayo, wangejitembeza."

Baada ya somo ukafika wakati wa kujenga mtandao. Watu walisimama na kugawiana kadi. Sponji alikutana na mwanamume wa vichujio vya maji, mwanamke wa keki, na bwana mmoja mchangamfu aliyejiita Bwana Mabati, aliyekuwa fundi wa madirisha lakini sasa, kwa mujibu wa kadi yake, alikuwa Suluhisho Kamili la Paa Lako. Kila mmoja alimweleza mwenzake kazi yake huku akitazama juu ya bega la mwenzake kuona kama nyuma kuna mteja. Nyuma palikuwa na mtu mwenye kadi. Ulikuwa mnada ambao kila mtu amekuja na mbuzi wake, na hakuna aliyekuja na kamba ya kuondokea naye.

Tatizo hilo Mshauri alikuwa amelifikiria. Dawa yake iliitwa Jukwaa la Kuinuana, kundi la kwenye simu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kila siku mwanachama mmoja ana zamu ya kuinuliwa. Wengine wote, kabla ya mchana, waende kwenye ukurasa wake, waache moyo, na chini ya picha waandike ushuhuda kama wateja wake. Asiyeinua hatainuliwa.

"Lakini mimi si mteja wake," Sponji aliuliza siku ya kwanza.

"Wewe ni mteja wake mtarajiwa," Mshauri alimjibu. "Unashuhudia mapema tu."

Jibu hilo lilimtuliza. Tena lilimfungulia kipaji ambacho hakuna aliyekijua, hata yeye. Wenzake waliandika "Kazi nzuri sana" na "Huyu ni namba moja". Sponji, mtu ambaye kwa wateja wake mwenyewe hakuweza kusifu sponji nyepesi, aliandika ushuhuda wenye wahusika, hali ya hewa na mwisho mwema. Alihisi ni heshima kwa fundi mwenzake kuandikiwa vizuri.

"Unaandika nini?" Mama Pacha alimwuliza siku moja, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Ushuhuda."

"Wa nini?"

"Keki."

"Keki gani? Mbona mimi sijaiona?"

"Haijaokwa."

Mama Pacha alimtazama, akarudi kwenye mshono. "Basi ikiokwa uniachie kipande," alisema.

Zamu ya Bwana Mabati ilipofika, Sponji alijizidi. Aliandika kwamba paa la karakana yake lilikuwa kama chekeche, kwamba mkewe alishona huku amejifunika turubai, mpaka alipokuja fundi huyu. "Sasa mvua naisikia kama redio ya jirani," alimalizia. "Kelele zipo, hasara si yangu." Wanachama waliipenda mno. Mshauri aliitumia darasani. Bwana Mabati aliibandika kwenye gari lake. Paa la karakana ya Sponji, kwa taarifa tu, lilikuwa la zege.

Yeye mwenyewe aliinuliwa vizuri zamu yake ilipofika. Mwanamke wa keki alisimulia jinsi alivyolala kwenye kochi la Sponji akapitiwa hadi harusi ya watu ikamsubiri. Mwanamume wa vichujio alisema watoto wake hawataki tena kukaa kwingine. Wafuasi walijaa. Sponji alianza kuingia karakana akiwa ameshika simu mbele kama mtu anayebeba taa. Na kweli, siku moja mtu mgeni alisimama mlangoni, akasema amemfahamu mtandaoni. Sponji alifuta kiti haraka. Mgeni alikaa, akafungua begi, akatoa kichujio cha maji.

Katika umati wote ule wa wafuasi, palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwa na kitu cha kuuza. Alikuwa mama mkwe. Alisoma kila alichokiandika mkwewe, neno kwa neno, miwani puani, maana aliona fahari. Na nyumba yake ilikuwa ya mabati, na kona moja ya paa ilikuwa imeanza kuchakaa.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha alasiri, mama akiwa ameenda kumtazama mgonjwa. Jioni alipiga simu. Hakueleza mengi. "Mkwe, njoo," alisema, akakata.

Sponji aliingia sebuleni, na mkono ukatangulia kama kawaida. Alilibonyeza kochi la kijani kwa ngumi. Likatema maji mpaka kwenye kiatu chake.

"Shikamoo mama," ndipo akasema.

"Marahaba. Naona kochi umelisalimia kwanza. Ni sawa, ndilo lenye hali mbaya."

Alitazama juu. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa kwenye pengo la dari iliyodondoka. Ila bati la juu lilikuwa limepitishwa chini ya bati la chini, hivyo kila tone lililoteremka kwenye paa lilifika kwenye kiungo, likakuta mlango wazi, likaingia ndani. Chini ya kiungo hicho, kwa unyofu wa ajabu, ndipo palipokuwa na kochi.

"Nani katengeneza paa hili, mama?"

"Fundi wako."

"Fundi wangu yupi?"

"Yule aliyekufanya uisikie mvua kama redio ya jirani." Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Ile mvua uliyoisikia wewe, ilinyesha wapi?"

Sponji alikaa kwenye kigoda. Kochi halikukalika, na hata lingekalika, hakustahili.

"Ilikuwa zamu yake, mama."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuinuliwa."

"Basi ameinuliwa. Kapanda juu ya nyumba yangu."

Alimweleza habari yote: Mshauri, jukwaa, ushuhuda wa mapema. Mama mkwe alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusubiri kitu kitoke chenyewe.

"Na wale waliosema wamelala kwenye makochi yako, umewatengenezea?"

"Hapana, mama."

"Hata mmoja?"

"Mmoja aliulizia bei. Kisha akanieleza bei ya vichujio."

"Mimi siamini watu wa kwenye simu," mama mkwe alisema. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angeipandisha. "Sikumwamini yeye. Nilikuamini wewe. Wewe uliyekataa kuniambia sponji ya viti vyangu vya zamani ni nzuri wakati unamtaka binti yangu."

Sponji aliinuka, akaona afanye jambo. Alisema atalibeba kochi usiku huo huo, abadilishe kila kitu, lirudi kabla ya wageni wa mapumziko.

"Lisitoke," alisema mama mkwe. "Ulitoe huku paa linavuja, urudishe nini, ndoo? Kwanza paa. Na hata paa likipona, wageni watalikuta kama lilivyo."

"Watauliza nani katengeneza."

"Kila siku wanauliza. Nitawajibu kama kila siku." Alielekeza kidevu kwenye picha ya harusi. "Sitaongeza wala sitapunguza."

Ndipo Sponji akaanza kuwapitisha kichwani wote waliowahi kuingia karakana yake, tangu wa kwanza. Mwenye mgahawa: kwa mama. Wale maharusi: kwa mama. Mwalimu mkuu aliyetaka viti vinavyozuia watu kukaa sana: kwa mama. Hakupata hata mmoja aliyetoka kwingine. Duka lake halikuwa karakana. Duka lake lilikuwa sebule hii, na bidhaa ya dirishani ilikuwa inadondosha maji sakafuni.

"Mama, utanifungia kazi," alisema.

"Mimi? Mimi nimekaa tu kwangu."

Kesho yake aliandika kwenye jukwaa: anahitaji fundi wa paa anayejua kazi, upesi. Majibu hayakuchelewa. Bwana Mabati ndiye namba moja. Kwa paa hakuna kama Bwana Mabati. Mwanamke wa keki aliongeza mioyo. Bwana Mabati mwenyewe aliandika, "Asante kwa kuniamini, ndugu zangu."

Sponji akawapigia mmoja mmoja.

"Mimi naishi chini, juu yangu kuna ghorofa," alisema mwanamke wa keki. "Paa sina kabisa."

"Mbona uliandika?"

"Na wewe keki yangu uliila wapi?"

Mwanamume wa vichujio alikuwa na aibu zaidi. "Kusema kweli ndugu yangu, mimi nilinakili kwako," alisema. "Nilijua wewe ndiye uliyemtumia. Uliandika kwa uchungu."

Sponji akafanya kitu ambacho jukwaa halikuwahi kukiona: aliandika ushuhuda wa jambo lililotokea. Alisema hajawahi kutengenezewa paa na Bwana Mabati. Aliyetengenezewa ni mama mkwe wake, na linavuja. Hakuweka hali ya hewa wala mwisho mwema. Ujumbe ukafutwa kabla chai yake haijapoa. "Hapa tunainuana," Mshauri aliandika, na Sponji akatolewa. Baadaye Bwana Mabati alimpigia simu, amevunjika moyo.

"Ungeniambia pembeni, kaka. Jina langu limechafuka."

"Bati umelilaza kinyume."

"Kinyume kwa nani? Maji nayo yana tabia zake."

Fundi wa kweli alipatikana kwa njia ya kizamani. Mvua iliponyesha tena, Mama Pacha alichukua mwavuli, akapita nyumba za mabati za mtaa wa mama yake, akabisha hodi na kuomba kuona dari. Wengine walimkaribisha wakampa beseni ashike. Nyumba ya mwenye saluni ilikuwa kavu, hata kwenye kona. "Nani kakutengenezea?" akauliza, na akapata jina. Fundi huyo alikuwa na maringo ya kutosha ukoo mzima. Alipanda juu, akacheka peke yake kwa muda mrefu, akateremka, akataka kujua ni nani aliyewafanyia vile. Mama mkwe akaelekeza kidevu ukutani. "Mkwe wangu alimsifia," alisema.

Paa likapona. Kochi lilianikwa uani kwa siku kadhaa za jua, likarudishwa sebuleni likiwa kavu, lakini mahameli ilikuwa imelala upande mmoja kama nywele za mtu aliyeamka, na katikati palibaki doa pana la kahawia. Siku ya mapumziko Sponji alifika mapema, amevaa shati la kwenda kwa wakwe, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kazi yake. Hakuna aliyemwita. Alikuwa tu ameona kwamba kama doa litaelezwa, afadhali naye awepo.

Mwenye saluni ndiye aliyetangulia. Alisimama mbele ya kochi kama mtu aliyekuta mgonjwa amebadilika sura.

"Maskini. Hili si lile? Nani alilitengeneza?"

Mama mkwe hakuelekeza kidevu ukutani. Alikielekeza kwenye kigoda. "Mwenyewe huyo. Muulize. Muulize na habari za paa."

Sponji alisimulia. Mara ya kwanza alisimulia vibaya. Alianza na Mshauri, akaja kwa Bwana Mabati, akailaumu mvua. Mama mkwe akakohoa. Akaanza upya, safari hii na yule mtu aliyeandika kuhusu redio ya jirani. Mwenye saluni alicheka mpaka akakaa, na akakaa palepale kwenye doa. Wageni waliofuata walimkuta bado anafuta machozi, wakataka nao waambiwe. Kufika jioni alikuwa ameirudia kwa kila hodi, na kila mara ilitoka fupi zaidi na kumuuma zaidi.

Wa mwisho alikuwa bwana mwenye zahanati, mtu wa maneno machache, aliyezaliwa mikononi mwa mama mkwe na asiyependa akumbushwe. Alisikiliza, hakucheka. Akalibonyeza kochi kwa kiganja.

"Limelowa hivyo, lakini halijabonyea," alisema. "Sponji hii ni nzuri."

Mama mkwe alitazama dirishani, kama mtu asiyehusika. Sponji alijua anachotakiwa kusema mtu anayetaka mteja; alikuwa amelipia darasa zima kwa ajili ya dakika hiyo.

"Ilikuwa nzuri," alisema. "Ikishalowa hivyo inaoza ndani kwa ndani. Mwakani itakuwa unga. Usinunue chochote kwa kuangalia hili."

Bwana wa zahanati alitikisa kichwa, akaaga, akaondoka. Mama mkwe alikunja kanga yake vizuri magotini.

"Wiki ijayo nitengeneze chai zaidi," alisema. "Hawa watarudi na wenzao."

Baada ya siku mbili tatu mtu alisimama mlangoni pa karakana, akapita katikati ya fremu, akavibonyeza viti viwili vilivyokwisha. Alitaka mabenchi ya wagonjwa wanaosubiri, yenye sponji ambayo haitakuwa unga. Mama Pacha alisimamisha cherehani. Hakuhitaji kuuliza amewafahamu wapi, lakini aliuliza, kwa raha ya kusikia.

"Nimeona kochi pale kwa mama," alisema bwana wa zahanati.

Habari zilimfikia Mshauri. Alimpigia Sponji, sauti ya upole, akimwomba arudi jukwaani awafundishe wenzake kile alichokiita mbinu ya kasoro. Sponji alikataa. Haikusaidia. Juma hilohilo mwanamke wa keki alibandika picha ya keki iliyoungua, na jukwaa zima likashuhudia kwamba halijawahi kula keki iliyoungua vizuri namna ile.

Kazi za zahanati zilipokwisha, Sponji alirudi kwa mama mkwe na futi ya kupimia. Alitoa shikamoo kwanza, mikono nyuma. Kisha akauliza kama sasa anaweza kulichukua kochi, abadilishe sponji na mahameli, liwe kama zamani.

Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya doa.

"Sponji badilisha," alisema. "Doa liache."

"Mama, wageni wataliuliza mpaka lini?"

"Mpaka waishe kuzaliwa." Akasogea kidogo ili ampishe apime. "Na picha ile itoe ukutani. Kidevu changu kimezoea upande huu wa kigoda."